Masomo Kumi na Mawili Ambayo Polepole Hakupewa

Ndugu, jamaa, majirani, walimu, na ninyi wanafunzi mliokuja na sare zenu, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kusimama nasi, na kabla hatujamsindikiza binti yetu inawaletea historia ya maisha yake, ambayo safari hii imeandikwa na mama yake mzazi kwa mkono wake mwenyewe, na inasomwa na baba mdogo wa marehemu, msemaji wa familia kwa miaka ishirini na miwili, mtu ambaye ameshawaaga ndugu zetu wote kwa maneno mazuri, hata wale ambao maneno hayo yaliwapwaya, naye amekubali mbele ya bibi wa marehemu kwamba leo atasoma kila mstari kama ulivyo, bila kutia chumvi na bila kuruka.

Sababu ya kuandikwa hivi ni moja. Juzi Jumatatu, siku ya pili ya msiba, watu wakiwa wamejaa uani, msemaji huyu huyu alisimama akasema kwa masikitiko kwamba vijana wa siku hizi wanapenda mwendo kasi, na kwamba familia imempoteza mtoto kwa sababu ya pupa za ujana, watu wakatikisa vichwa, wengine wakaguna, na mama yake, aliyekuwa ameketi sakafuni chumbani, alisikia neno kwa neno kupitia dirishani, ila hakutoka kumjibu kwa kuwa hakuwa na nguvu za kusimama. Leo anazo. Mama hataki mwanawe azikwe na kosa lisilo lake, hilo tu, na yote yaliyomo humu yameandikwa kwa ajili hiyo.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 2006, saa moja na robo asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu, kitanda cha pili kutoka dirishani, akiwa mtoto wa kwanza na wa mwisho wa baba yake dereva wa malori na mama yake fundi wa kushona sare za shule, akiwa na uzito wa kilo mbili na nusu, baada ya uchungu wa siku mbili nzima, mpaka mkunga akasema huyu ajaye hana haraka na mtu. Na kweli hakuwa nayo, alitembea akiwa na miezi kumi na saba wakati wenzake wa mtaani wameshaanza kupigana, sahani yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kuoshwa kila siku, na baba yake akampa jina la utani la Polepole, likamganda hata shuleni. Alikuwa mtoto wa kukagua kwanza, ukimpa kiti atakitikisa kabla ya kukalia, ukimpa chai ataipuliza hata kama imeshapoa, na akitaka kuvuka barabara atatazama kulia, kushoto, kulia tena, halafu atamtazama mama yake usoni kuona kama naye ametazama. Wale wanaosema alikuwa na pupa, mama anawauliza ni Polepole yupi huyo, maana aliyemzaa yeye hakuwa hivyo.

Alianza shule ya msingi Januari 2013, ile ya nyuma ya soko, akamaliza mwaka 2019, na Januari 2020 akaingia sekondari, ambako hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwalimu wake wa fizikia, ambaye yupo hapa na anajijua, aliandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi huyu huuliza swali moja mpaka alielewe, na darasa zima limezoea kumsubiri. Akiwa bado shule ya msingi, tarehe 9 Septemba 2015, alipokuwa na miaka tisa, baba yake alifariki kwa maradhi ya figo, na siku tatu kabla ya hapo, akiwa kitandani na sauti imeshakuwa nyembamba, alimwita mdogo wake, akaushika mkono wa mtoto akauweka kwenye mkono wa mdogo wake, akamwambia huyu sasa ni wako, mfundishe kama ambavyo ningemfundisha mimi. Mama alikuwepo, bibi alikuwepo, na baba mdogo alilia kwa kwikwi akasema kaka, nimepokea.

Na alipokea kweli, mama hataki kumnyima mtu haki yake, baba mdogo alimlipia mtoto viatu, alihudhuria vikao vya wazazi, alimfundisha baiskeli kwenye uwanja wa shule akimshikilia tandiko kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Polepole alimpenda, akamwamini kuliko alivyomwamini mtu yeyote mwenye usukani mkononi. Ndiyo maana imeuma hivi. Adui angemwambia uongo asingemsikiliza, lakini kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii mama aliivaa mwenyewe.

Katika historia kama hii, hapa ndipo husomwa kazi ya marehemu. Polepole hakuwa na kazi, alikuwa na miaka kumi na minane na siku themanini, kwa hiyo nafasi hii mama ameijaza kwa kazi ya anayesoma. Baba mdogo ni mwalimu wa udereva, ukoo wenyewe ni wa madereva, babu aliendesha basi miaka thelathini na mmoja, kaka mtu malori, yeye akachagua kufundisha, na kwa miaka kumi na tisa amekaa kiti cha abiria katika gari dogo lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na hakuna mtu katika mji huu anayefundisha vizuri kumzidi. Kila mwanafunzi wake hupewa kadi ngumu yenye visanduku ishirini, somo moja kisanduku kimoja, na mkishamaliza somo mwalimu anaandika tarehe na kusaini, mwanafunzi naye anasaini pembeni, na kadi isipojaa huendi kwa mtahini. Hakisainiwi kisanduku kwa maneno, ndiyo kauli yake, na alimnyima saini mtoto wa mkuu wa shule mbele ya baba yake, na binti wa daktari alimrudisha nyuma kati ya mapipa mawili mara saba mpaka binti akalia, akamwambia lia, mama, lia, ila ulie hapa. Wazazi wakilalamika kwamba masomo ni mengi, aliwajibu ukiona vyaelea, vimeundwa. Watoto wa watu wote waliopita kwenye gari lile wanaendesha mpaka leo, wazima, na wengine wamekuja msibani wakiendesha wenyewe.

Msomaji akitaka kunywa maji, anywe hapa, glasi ipo mezani.

Sasa, ukoo huu una desturi yake, ambayo si ya mtu mwingine yeyote, nayo ni kwamba mtoto akitimiza miaka kumi na minane hupata leseni siku hiyo hiyo ya kuzaliwa, si kesho yake, na safari yake ya kwanza ni kumwendesha bibi kumtembeza mjini, babu alifanya hivyo kwa mama yake, baba yake Polepole alifanya, baba mdogo alifanya, na watoto wa kiume wa baba mdogo walifanya pia. Polepole angekuwa msichana wa kwanza, bibi alishatenga hata gauni la kuvaa, na masomo yalipaswa kuanza Oktoba, lakini Oktoba kulikuwa na wanafunzi wengi, baba mdogo akasema huyu wa nyumbani atasubiri kidogo, Novemba akasubiri, Desemba gari likawa gereji, na mganga hajigangi, somo la kwanza likafanyika Jumamosi ya tarehe 13 Januari 2024. Kila Jumamosi somo moja, mpaka tarehe 2 Machi yakawa masomo manane, yote ya kweli, yote ya mjini, kuondoka, kusimama, gia, kona, kurudi nyuma, maegesho, taa, mzunguko, na Polepole alirudi nyumbani kila mara na kuyafanyia mazoezi kwa sufuria na vifuniko sakafuni, na mama yake, anayekanyaga pedali ya cherehani kutwa nzima, alimtania kwamba yeye ana leseni ya siku nyingi. Yalibaki kumi na mawili. Hayo ndiyo ya nje ya mji, mvua, giza, mteremko mrefu, kupishana na lori kwenye barabara nyembamba, na somo la kumi na nne, la gurudumu kutoka nje ya lami.

Jumapili tarehe 10 Machi, saa tisa alasiri, siku nne kabla ya siku yake ya kuzaliwa, baba mdogo alifika nyumbani, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, akaketi kwenye meza ya cherehani, akasogeza pembeni kola za sare, akatoa kadi ya Polepole, akamwambia mama, shemeji, nipe kalamu. Mama akampa ile ya bluu anayoandikia vipimo vya wateja. Akaanza kusaini kisanduku cha tisa, cha kumi, cha kumi na moja, na alipokwama kwenye tarehe akasema nitajie tarehe yoyote, shemeji, na mama akamtajia kutoka kwenye kalenda ya ukutani, ndiyo, mama mwenyewe, hajitoi, aliuliza mara moja tu kama si vibaya, akajibiwa kwamba haya ni makaratasi, masomo yatafanyika baada ya siku yenyewe, mtahini ana nafasi Jumanne na baada ya hapo ni mpaka Julai, je, tumvunje bibi moyo. Mama akaendelea kumtajia. Anayefundisha watoto wa watu kwa ukali ule, alijiambia, hawezi kukosea kwa wa kwake.

Polepole aliitwa kutoka jikoni aje kusaini upande wake, akasoma kisanduku kimoja kimoja, kalamu mkononi, akasema kwa sauti ya chini, lakini baba mdogo, haya sijayaendesha, na baba mdogo akacheka kwa upendo, akamwambia wewe ni damu ya madereva, samaki hafundishwi kuogelea, saini, nitakufundisha yote, ahadi ya baba yako. Hakusema ahadi yangu, alisema ahadi ya baba yako, na mtoto akasaini, mara kumi na mbili, taratibu, kila moja kwa mwandiko wake mzuri. Kisanduku cha kumi na nne kina tarehe 7 Februari. Siku hiyo Polepole alikuwa amelala kwenye kochi na shavu limevimba, ameng'olewa jino, hawezi hata kumeza uji, na kadi inasema alikuwa barabarani akijifunza kurudisha gari kwenye lami.

Mtihani ulifanyika Jumanne, tarehe 12 Machi, akafaulu kihalali, kwa sababu mtahini hupima mambo ya mjini kwa nusu saa na yaliyobaki huyasoma kwenye kadi, na kadi ilikuwa imejaa. Tarehe 14 alikabidhiwa leseni, akamtembeza bibi mjini kwa mwendo ambao baiskeli mbili zilimpita, bibi akiwa na gauni lake, akipunga mkono dirishani, na familia ikapiga picha, na katika picha hiyo baba mdogo ameweka mkono kwenye bega la mtoto na wote wanacheka. Mama anayo picha hiyo. Hajui aiweke wapi.

Ahadi aliikumbusha Polepole mwenyewe, mara tatu. Tarehe 30 Machi alimwendea baba mdogo akamwomba masomo yake, akaambiwa wiki ijayo, tarehe 20 Aprili akaomba tena, akaambiwa mbona unaendesha vizuri tu, unataka nini, na tarehe 18 Mei, Jumamosi, baada ya kuona gari la watu limelala mtaroni, alimfuata mpaka kwenye uwanja wa mafunzo akiwa na daftari lake la fizikia, ambalo kwenye ukurasa wake wa mwisho alikuwa ameandika hivi: nimuulize baba mdogo, gurudumu likitoka nje ya lami unafanyaje. Aliuliza, dirisha la gari likiwa wazi na mwanafunzi mwingine ndani akisubiri, na baba mdogo akamjibu usijali, siku ikifika mkono wenyewe utajua. Polepole alirudi nyumbani akamsimulia mama yake jibu hilo, akasema, mama, mkono utajuaje kitu ambacho haujafundishwa, na mama, aliyekuwa na sare arobaini za kukabidhi, alimwambia muulize tena wiki ijayo.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuolewa. Aliwahi kumwambia mama yake kwamba mume wake atakuwa mtu asiyeshika simu akiwa anaendesha, mama akamwambia basi jiandae kuzeekea hapa hapa, wakacheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano. Kuhusu watoto, hakujaliwa.

Kuhusu ugonjwa, hakuugua, na mama anaomba hapa pasomwe bila haraka. Jumapili tarehe 26 Mei 2024, saa kumi na dakika kumi alasiri, jua likiwa linawaka na barabara kavu, Polepole alikuwa peke yake kwenye gari la marehemu baba yake, akirudi kutoka kumpeleka bibi nyumbani kwake, kilomita kumi na moja nje ya mji, mkanda amefunga, simu iko kwenye mkoba kiti cha nyuma na mkoba umefungwa. Basi lilikuja mbele yake, barabara ni nyembamba, akasogea pembeni kulipisha, magurudumu ya upande mmoja yakashuka kutoka kwenye lami, ambayo pale ukingo wake umeinuka shubiri moja, yakaingia kwenye kokoto, gari likatikisika, akashtuka, akakata usukani kwa nguvu kurudi barabarani, gari likaruka juu ya lami likavuka upande wa pili, likapinduka mara mbili, likasimama kwenye kingo za kalavati. Dereva wa basi na abiria wake walishuka kumtoa. Askari wa usalama barabarani, mwanamke wa makamo mwenye subira, alipima alama za magurudumu kwa futi yake, akamweleza mama kwamba mwendo ulikuwa kilomita hamsini kwa saa, chini ya ule unaoruhusiwa, na kwamba hakuona kosa la mwendo wala la ulevi wala la simu, aliona kitu kimoja tu, mtoto aliyeshtuka akafanya kile ambacho kila mtu asiyefundishwa hukifanya. Karatasi yake ipo, imegongwa muhuri, anayetaka aje aisome.

Kwa hiyo yaliyosemwa uani Jumatatu hayakuwa kweli, na aliyeyasema alikuwa ameshaisoma karatasi hiyo tangu Alhamisi.

Alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi siku saba, kichwa kikiwa kimeumia ndani, na hakufumbua macho. Baba mdogo alifika hospitalini siku ya kwanza, saa mbili usiku, akamkuta mama kwenye benchi la korido, akamshika bega, akasema pole sana shemeji, kisha, kabla hajauliza mtoto anaendeleaje, akauliza ile kadi iko wapi. Mama hakuelewa, akadhani ni kadi ya hospitali, akamwonyesha. Akasema hapana, ile ya mafunzo, ni vizuri nikae nayo mimi. Hapo ndipo mama alipoelewa, na mama anasema wazi mbele yenu kwamba katika maisha yake amefiwa na mume, na sasa amefiwa na mtoto, lakini kwenye benchi lile, mtoto akiwa bado anapumua, alifiwa na shemeji. Alimjibu kadi imepotea. Haikuwa imepotea, ilikuwa kwenye mkoba, chini ya miguu yake.

Siku ya nne alikuja binti mmoja, mwanafunzi mwenzake Polepole, akakaa pembeni ya mama na kumshika mkono, na mama akamuuliza, kwa kutaka tu kuwa na la kusema, kama naye anaendesha, akasema ndiyo, mama, mwalimu wetu ni mmoja. Mama akamuuliza somo la kumi na nne ni lipi. Binti akalijua pale pale, akalisema kama sala, ukitoka nje ya lami usishtuke, toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki, shika usukani ulivyo, acha gari lipungue lenyewe, angalia nyuma, halafu urudi taratibu, akasema mwalimu alimrudisha kwenye kokoto mara tano siku hiyo mpaka akaacha kushtuka, na kwamba mwezi uliopita ilimtokea kweli, akiwa na wadogo zake ndani ya gari, akafanya hivyo hivyo, wakarudi barabarani wakiimba. Mama alimkumbatia binti huyo, akafurahi kwa ajili yake, kwa dhati, kisha akaenda msalani akalia mpaka muuguzi akaja kumgongea. Yaani baba mdogo alijua. Hakushindwa kufundisha, alifundisha vizuri, aliwafundisha wa watu wote, na wa kaka yake akamwachia damu ya ukoo imfundishe.

Polepole alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mama yake akiwa amemshika mguu, kwa sababu mikono ilikuwa na mipira ya dawa. Ameacha mama mmoja, bibi mmoja na baba mdogo.

Familia inawashukuru daktari wa zamu na wauguzi wa chumba kile, hasa yule aliyemsuka nywele upya siku ya sita bila kuombwa, dereva wa basi ambaye alikuja hospitalini mara tatu na bado anajilaumu, naye aambiwe leo aache, askari wa barabarani kwa kusema kweli iliyokuwa ngumu kusikika, majirani waliopika na kufagia na kulala sakafuni, wateja waliosema sare zitasubiri, na wafanyakazi wenzake baba mdogo waliobeba viti, ambao hawana hatia.

Mama anawashukuru pia wanafunzi, na ninyi mnaojifunza udereva anawaomba jambo moja, mkifika nyumbani mtoe kadi zenu mzitazame, na kila kisanduku ambacho kimesainiwa na hamkukiendesha, mrudi kwa mwalimu mkakidai, mkiambiwa mnajua, mseme hatujui, mkichekwa mkubali kuchekwa, na wazazi wenu wakiwa na kazi nyingi mezani muwakalie mbele mpaka wanyanyue uso. Anayesoma haya anajua kuyafundisha, na hakuna anayesema aache. Kesho Alhamisi, saa tatu asubuhi, mama atapeleka kadi ya Polepole kwenye ofisi ya leseni, na ataeleza saini zote kumi na mbili, ni za nani, na nani alitaja tarehe. Shemeji anaalikwa waende pamoja. Asipofika, mama ataenda peke yake, na hatamgongea mlango.

Msomaji amefika mwisho wa kazi yake. Neno la kumuaga marehemu asilitamke yeye, ampe mama karatasi, mama atalisema mwenyewe.

Mwanangu, uliuliza mara tatu, na swali lako lilikuwa sahihi. Tuliopaswa kukujibu tulikuwepo, wazima, karibu yako, hatukukujibu. Hukukosea. Hukufundishwa.

Pumzika kwa amani.